Mikato Mitatu

"Vumbi! Gunia hilo hapana! Chukua lile jipya, leo mkaguzi yuko njiani!"

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro asubuhi, mashine ya kukandia haijawashwa bado, na msimamizi tayari anafoka. Vumbi akalitua gunia lililokuwa begani, akaenda kubeba jingine. Kwao alikuwa na jina lake, zuri tu, alilopewa na bibi yake. Lakini mtu anayechanganya unga masaa kumi kwa siku hutoka mweupe kuanzia kope mpaka soksi, na humu kiwandani hata karani wa mishahara alimwandika Vumbi.

"Sikiliza vizuri," msimamizi akasema. Alikuwa na kalamu sikioni na nyingine mfukoni, na hakuna aliyewahi kumwona akiandika kitu. "Mchanganyo wa kwanza unakuwa safi. Unga mpya, maji, hamira, chumvi, sukari, mafuta, basi. Hakuna marejesho. Hakuna dawa. Rudia."

"Hakuna marejesho, hakuna dawa."

"Mwambie na mzee wa tanuri, hiyo mikate arobaini ya kwanza aichanje mara tatu. Ukikosea leo, mimi na wewe hatujuani."

"Kwani tulijuana lini, bosi?"

Dada Nailoni, aliyekuwa anapanga mifuko kwenye meza ya kufungia, akacheka mpaka mifuko ikamponyoka. Msimamizi hakucheka. Alikwenda zake kusimamia choo kioshwe.

Mkate wa kawaida hapo ulichanjwa mara mbili mgongoni kwa wembe kabla ya kuingia tanurini. Wa mikato mitatu ulikuwa wa mkaguzi. Ndivyo walivyoitofautisha, maana ikishaiva mikate yote ni kaka na dada, huwezi kujua yupi ana nini tumboni.

Na tumboni mulikuwa na mambo. Kwanza marejesho. Mkate ukidoda dukani siku saba, gari linaurudisha kiwandani. Unavuliwa mfuko, unakaushwa, unasagwa, unakuwa unga wa kahawia, na huo unga unarudi kwenye mashine kuchanganywa na mpya. Msimamizi aliita hiyo kuheshimu chakula. Halafu dawa. Dawa ilikuwa poda nyeupe kwenye pipa la bluu lililokwanguliwa karatasi yake, na ukifungua mfuniko inakupiga harufu ya kiberiti kilichowashwa ndani ya pua. Machozi yanatoka, kifua kinabana, halafu unazoea. Kazi yake ni kulainisha mkate na kuzuia ukungu. Zamani kipimo kilikuwa kijiko kimoja cha chai kwa gunia, na inawezekana kijiko kilikuwa halali kabisa, hakuna anayejua. Kijiko kikapotea. Pakawekwa kikombe cha plastiki kilichovunjika mkono, wakaambiwa watie robo yake. Mvua zikaja, mikate ikaota ukungu madukani, robo ikawa kikombe kizima. Mvua zikaisha. Kikombe kikabaki.

Vumbi hakusoma sana, aliacha shule hata kabla ya kuota ndevu, lakini hesabu hii aliifanya mwenyewe akiwa amesimama pale pale. Mkate uliorudi una kikombe chake tayari. Unasagwa, unatiwa kwenye unga mpya, na unga wote unapigwa kikombe kingine. Usipouzwa, unarudi tena. Kuna makombo humo yamezunguka mara nne. Alimwambia msimamizi siku moja, kwa upole tu, kwamba penye marejesho kipimo kingepunguzwa. Msimamizi akamjibu, "Umekuja kuchanganya unga au kuchanganya watu?"

Angeweza kuishia hapo. Watu wanaishia hapo kila siku. Lakini Vumbi alikuwa na Kifaranga.

Kifaranga ni binti yake, miaka minane, miguu kama njiti, mdomo kama redio. Ana pumu. Tangu Vumbi aanze kazi hapo, mwaka mmoja na nusu sasa, alikuwa anarudi nyumbani na mikate miwili ya bure kila siku, na mwaka huo huo ndio kifua cha mtoto kilianza kupiga filimbi. Walilaumu moshi wa jirani. Wakalaumu blanketi. Nesi wa zahanati akawauliza mtoto anakula nini, na mama mtu, mke wa Vumbi, akasema mkate, baba yake anafanya kazi kwenye mkate. Nesi akasema hebu acheni mkate huo mwezi mzima, tuone, inaweza kuwa ni hiyo, inaweza isiwe. Ilikuwa likizo. Wakachemsha viazi asubuhi, mikate ya bure wakampa jirani. Mtoto akalala mwezi mzima kama mtu.

Shule ikafunguliwa Jumatatu. Shuleni watoto wanapewa chai na mkate saa nne, na mkate unatoka kiwandani kwa Vumbi. Jumatatu hiyo hiyo saa sita wakaitwa waje wamchukue mtoto, midomo imekuwa ya kijivu. Wakamfungia viazi; viazi vikarudi, mkate ukaliwa.

Vumbi alikwenda kwa mwalimu wa zamu. Mwalimu akasema siwezi kumnyima mtoto mmoja wenzake wanakula, atalia, na akila cha mwenzake lawama ni zangu. Niletee cheti cha nesi, nitajua nikisimamie vipi. Akaenda kwa nesi. Nesi akasema siwezi kuandika kwenye cheti kwamba mtoto anadhurika na mkate, mkate ni chakula, watanicheka; niambie ndani kumewekwa nini na kiasi gani. Akarudi kwa msimamizi. Msimamizi akasema hiyo ni siri ya kiwanda, na wewe kama una mtoto mgonjwa mshukuru Mungu una kazi.

Amezunguka hivyo wiki tatu, kama marejesho.

Sasa amesimama mbele ya mashine, gunia jipya miguuni, na msimamizi sauti yake inatokea huko chooni akigombana na mtu kuhusu sabuni. Mkaguzi atachukua kreti mbili za sampuli. Zitakwenda maabara. Maabara watapima, wataandika. Karatasi itakuwepo, yenye jina la dawa na kiasi chake, na karatasi ikishakuwepo nesi ataisoma, na mwalimu atamsoma nesi.

Mikono ilianza kabla kichwa hakijamaliza. Akalisukuma gunia jipya kando. Akavuta la jana lililofunguliwa, akamimina, akachota makombo ya marejesho ndoo mbili, akafungua pipa la bluu, akageuza uso, akatia kikombe. Kikombe kizima, kilichojaa, cha kila siku, wala hakuzidisha. Akawasha mashine. Mkono wa chuma ukaanza kuzunguka na Vumbi akajikuta naye anazunguka, anafuta meza iliyo safi, anahamisha ndoo, anairudisha.

Baada ya hapo akachanganya wa pili, na huo ndio alioufanya safi, ili gunia jipya lionekane limetumika.

Mzee wa tanuri alipokuja kuchukua donge la kwanza aliinama, akasimama. Alikuwa na miaka thelathini mbele ya moto, nyusi zilishaungua zamani zikagoma kuota.

"Mwanangu."

"Naam, mzee."

"Hili ndilo la mikato mitatu?"

"Ndilo."

"Mbona linanuka kiberiti?"

Vumbi akashika ukingo wa meza. "Linanuka kwako?"

Mzee akamtazama. Akatazama upande wa choo. Akajipangusa pua kwa kiganja. "Mimi pua yangu iliungua mwaka ule tanuri lilipopasuka," akasema. "Sinusi kitu." Akalikata donge vipande arobaini, akavipanga kwenye trei, na vilipoumuka akachukua wembe wake, akachanja: tatu, tatu, tatu.

Saa tatu kasoro robo mikate ilikuwa nje, imejaa kwenye rafu, mvuke wake mtamu umetanda. Ya mikato mitatu kwenye kreti mbili mlangoni. Ile safi, ya mikato miwili, rafu ya pili kutoka chini. Wafanyakazi waligawiwa glavu. Glavu zilitoka mara moja kwa kila mkaguzi, na zilikuwa zinarudishwa.

"Yangu ina tundu la kidole gumba," Dada Nailoni akasema.

"Kunja kidole," msimamizi akasema.

Mkaguzi akaja na gari jeupe. Mtu mzima, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, macho ya mtu ambaye ameshakiona kila kitu na hakuna kilichomfurahisha. Alitazama glavu. Alitazama choo, akatikisa kichwa kukubali. Alipofika mlango wa stoo, ambako pipa la bluu lilikuwa limefunikwa gunia kama bibi harusi, akasema, "Na humu ni stoo," msimamizi akasema, "Hiyo ni stoo, mkubwa," wakapita.

Dakika kumi. Vumbi aliwahi kukaguliwa kwa muda mrefu kuliko huo na mlinzi wa getini, kwa sababu ya kijiko.

"Nisaidie kreti, wewe," msimamizi akamwita, na hilo ndilo Vumbi alilokuwa analiomba. Akabeba ya kwanza mpaka kwenye gari. Buti lilikuwa wazi. Ndani mulikuwa na mpira wa miguu wa mtoto, viatu vidogo vya michezo na mwavuli. Msimamizi akaongeza pakiti ya majani ya chai na kopo la siagi.

Dada Nailoni alikuwa nyuma na kreti ya pili. "Siagi?" akanong'ona. "Hii maabara inakunywa chai!"

"Nyamaza, dada."

"Namuuliza tu Mungu wangu."

Mkaguzi alikuwa ameshatandaza fomu juu ya boneti. Muhuri ulitoka mfukoni mwake kama kitambaa cha jasho. Akagonga, akasaini, akampa msimamizi nakala. Halafu simu yake ikaita.

"Eeh, mama. Natoka sasa hivi. Waambie wasinywe chai kavu, mikate iko hapa ya moto." Huku anaongea akauchukua mkate mmoja kwenye kreti, akaugeuza mgongo, akapitisha kidole juu yake taratibu: moja, mbili, tatu. "Ndiyo, ile ile. Ya kwetu. Mdogo kifua kimeamkaje?"

Vumbi akakitazama kile kidole, kisha uso wa mkaguzi.

Alijua. Huyu bwana alijua mikato. Alikuwa anahesabu kama wao, siku zote, na hakuna maabara, hapajawahi kuwa na maabara. Kulikuwa na nyumba mahali fulani, na meza, na watoto, na mdogo wao ana kifua.

Kwa sekunde chache Vumbi alitaka kukaa kimya. Kweli kabisa alitaka. Wale mkate huo. Wapige filimbi usiku, na yeye avae viatu haraka haraka atafute usafiri, aone inavyokuwa. Mkaguzi akafunga buti.

Vumbi akaliona lile jicho la Kifaranga, lile analotoa anapotafuta hewa, ambalo halimtazami mtu.

"Mkubwa, usiwape."

"Nini?"

"Hiyo mikate. Usiwape watoto." Ulimi ulikuwa mkavu kama marejesho. "Mikato ni mitatu lakini ndani siyo. Niliichanganya mimi. Hiyo ndiyo yenye dawa, kikombe kizima, na makombo ya zamani. Safi ni ile ya mikato miwili, iko ndani kwenye rafu."

Msimamizi akaificha fomu nyuma ya mgongo. Dada Nailoni akashika kichwa na glavu yake yenye tundu. Vumbi akasubiri. Mkaguzi atauliza dawa gani. Atauliza kikombe gani. Ataing'oa ile fomu mkononi mwa msimamizi, kwa sababu ni baba mtu.

Mkaguzi akasafisha koo.

"Rafu ipi?"

"Ya... ya pili."

"Ya pili kutoka juu au kutoka chini?"

"Kutoka chini."

Mkaguzi akafungua buti, akatoa kreti zote mbili yeye mwenyewe, akaziweka chini vumbini. Msimamizi alishakimbilia ndani. Wakaleta nyingine mbili, za mikato miwili, zikaingia kando ya viatu vidogo vya michezo. Majani ya chai na siagi vikabaki pale pale vilipokuwa.

"Na karatasi?" Vumbi akauliza.

"Karatasi gani, kijana?"

"Ya majibu. Ya kilichomo."

"Majibu nimeshaandika." Mkaguzi akamgusa bega, kidogo, kama mtu anayeogopa kuchafua mkono. "Ahsante kwa uaminifu wako." Akaingia kwenye gari, akaondoka polepole ili mikate isipondeke.

Msimamizi hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha Vumbi zaidi. Alinyoosha mkono tu.

"Aproni."

Vumbi akavua.

"Glavu."

Akavua.

"Sasa toka."

"Na hizo?" Dada Nailoni akauliza, akionyesha kreti mbili zilizokaa chini. "Nizichome? Nizitupe?"

"Utupe mikate arobaini? Una wazimu? Pakia oda ya shule, gari linasubiri. Wale ni watoto, hawahesabu mikato."

"Kaka," Dada Nailoni akamwambia Vumbi kwa sauti ndogo, "si ndiyo shule ya..."

Vumbi alishatoka getini. Mlinzi akamwita amkague mifuko, akaendelea kukimbia.

Gari la mikate lilipita njia kubwa na lilikuwa na maduka ya kushushia kwanza. Vumbi akakata katikati ya nyumba, akaruka mtaro, akamsukuma mwenye mkokoteni, akaomba radhi bila kugeuka. Unga ulikuwa unampukutika kichwani. Watu walimpisha wakidhani anafukuzwa, na kwa kweli alishafukuzwa, tena anakimbia peke yake. Alikuwa na pumzi ya mtu anayevuta poda mwaka na nusu. Karibu na kona ya zahanati akasimama, akashika magoti, akasikia kifua chake mwenyewe kinapiga filimbi. Hakuwahi kuisikia kabla. Akaisikiliza kidogo. Akaendelea.

Kengele ya saa nne ililia akiwa getini. Uwanjani foleni ilikuwa imeshapangwa, vikombe vya plastiki vinagongwa kama ngoma. Sufuria la chai lilikuwa juu ya meza. Chini ya meza, kreti mbili moja juu ya nyingine, zimetoka kushushwa sasa hivi. Mikato mitatu, mitatu, mitatu.

Mwalimu wa zamu alikuwa ameshika kisu.

"Ah, mzazi," akasema. "Afadhali umekuja. Umeleta cheti?"

"Sina cheti, mwalimu." Alikuwa anahema. "Nimekuletea aliyechanganya."

Mwalimu akaangalia nyuma yake. "Yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

"Mzazi, kaa pembeni upumzike. Watoto wana njaa."

"Mwalimu, mkaguzi mwenyewe ameikataa hii kwa ajili ya wanawe. Sasa hivi. Mbele yangu. Ameishusha kwenye gari lake, ikaletwa hapa."

"Ameikataa?" Mwalimu akatoa karatasi iliyokuja na mikate, akaikunjua. Ilikuwa nakala ya fomu, muhuri bado unang'aa wino. "Mbona hapa anasema inafaa? Tarehe ya leo."

Vumbi akautazama muhuri. Wiki tatu alitafuta karatasi, na karatasi ndiyo hiyo imefika, imemtangulia. Katikati ya foleni akamwona Kifaranga, kikombe mkononi, anamtazama baba yake aliyejaa unga mbele ya shule nzima, uso wake umeanza kuwaka aibu.

Mwalimu akainama achukue mkate wa kwanza.

Vumbi akawahi. Akazivuta kreti kutoka chini ya meza, akaona hana pa kuzipeleka, mikono haina nguvu, pumzi haipo. Basi akazikalia.

Halafu mtoto mmoja akacheka, wakacheka wote, vikombe vikagongwa.

"Mzazi! Inuka kwenye chakula cha watoto!"

"Nitainuka. Mwiteni mkaguzi. Aje ale mmoja tu hapa, mbele yao. Akimeza naondoka, na siku nyingine simtaji."

"Baba," Kifaranga akasema kutoka kwenye foleni, kwa sauti ya kulia, "inuka, wananicheka."

"Wacha wacheke, mama. Njoo huku."

Hakuja. Mwalimu akatoa simu. Hakumpigia mkaguzi, wala hakuwa na namba yake. Alipiga kiwandani, namba iliyoandikwa kwenye mfuko wa mkate.

"Halo? Hapa shuleni. Kuna mfanyakazi wenu amekuja kukalia mikate. Ndiyo, kukalia, na makalio. Mweupe, amejaa unga."

Sauti ya msimamizi ikasikika mpaka kwenye foleni, nyembamba, ndani ya simu: "Huyo si mtu wetu."

Mikate ilikuwa bado ya moto, joto lake linapanda kupitia matundu ya kreti. Vumbi akajisogeza kidogo, akakaa vizuri.